Nani Anaharibu Bustani Yako? Utatuzi wa Matatizo ya Wanyamapori katika Makazi ya Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayeamka na kukuta pipa la taka limepinduliwa, nyasi zimefukuliwa na papai moja limeachwa nusu juu ya ukuta, akitafuta msaada kwenye intaneti hukutana kwanza na maelekezo mengi kuhusu rakuni. Rakuni ni mnyama wa Amerika Kaskazini, mwenye alama nyeusi usoni kama barakoa na mkia wenye pete, ambaye huzunguka usiku akifungua mapipa kwa vidole vyake vya mbele. Huku kwetu hayupo. Sehemu ndogo ya maelekezo hayo inatufaa, kwa sababu njaa ya mnyama ni ile ile popote alipo: taka zifungwe, chakula cha mbwa kisilale nje, matunda yaliyoanguka yaokotwe. Sehemu kubwa inatupotosha, kwa kuwa imeandikwa kwa kudhani kwamba mharibifu ni mmoja na kwamba anakuja usiku, ilhali katika mitaa yetu iliyopakana na msitu wa Karura, msitu wa Ngong Road, Oloolua, City Park na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, waharibifu ni wa aina nyingi, na yule anayetia hasara kubwa kuliko wote huja mchana kweupe.

Ninaandika haya nikiwa na bustani upande wa Lang'ata, yenye mboga, migomba, miparachichi miwili na banda la kuku. Gharama kubwa zaidi niliyowahi kuingia haikutokana na mnyama bali na kumkosea utambuzi. Niliwahi kulipa fundi afunge taa inayowaka yenyewe kitu kinapopita, nikiamini kwamba nungunungu ndiye anayekula karoti zangu, na taa hiyo ikawaka usiku kucha kwa wiki tatu huku karoti zikiendelea kuzama ardhini moja baada ya nyingine, kwa maana aliyekuwa akizila ni fuko, ambaye hakuhitaji kutokeza pua nje. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, unaendelea hadi kwa mnyama, kisha kwa kile kinachomvuta, na mwisho kwa kizuizi. Tafadhali usiugeuze mpangilio huo.

Kabla ya kununua chochote

Swali la kwanza ni saa. Kima, tumbili na ngiri hula mchana. Nguchiro mwenye mkia mweupe, kanu (mnyama mwembamba mwenye madoadoa, kama paka mrefu), fungo (mnyama mwenye madoadoa, mkubwa kuliko paka), nungunungu na komba (mnyama mdogo wa mitini mwenye macho makubwa) hutoka usiku. Usipojua uharibifu ulitokea saa ngapi, kagua bustani mara mbili kwa siku, jioni giza linapoingia na alfajiri kabla jua halijachomoza, kwa muda wa siku tatu mfululizo. Kazi hii ni ya dakika kumi, na peke yake huondoa nusu ya washukiwa.

Swali la pili ni kimo. Tunda lililoliwa juu mtini, na mabaki yake kutawanyika chini, halikuliwa na nungunungu wala ngiri. Gome la mti lililotafunwa kuanzia ardhini hadi magotini mwa mtu si kazi ya kima.

Swali la tatu ni nyayo, na hapa majivu ya jikoni yana thamani kuliko kifaa chochote cha dukani. Yachekeche, uyatandaze mahali unaposhuku kwamba mnyama anapita, kwa mfano chini ya pengo la ua, kando ya pipa au mlangoni pa banda la kuku, kwa upana wa gunia lililokunjuliwa, kisha uyasawazishe kwa ubao. Asubuhi chuchumaa uyatazame jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga unaotoka ubavuni huonyesha kila ukucha. Alama ndogo ya mviringo yenye vidole vinne bila kucha ni ya paka wa nyumbani au kanu. Vidole vinne vyenye kucha fupi nene ni vya mbwa, na ni mara nyingi mno kwamba mharibifu aliyeogopwa na mtaa mzima hugeuka kuwa mbwa wa jirani anayepenya chini ya lango. Vidole vitano vyenye kucha ndefu kwa mbele ni vya nguchiro. Mkono wenye kidole gumba kilichojitenga ni wa kima au tumbili. Asubuhi moja ya Julai nilikuta kwenye majivu yangu alama pana kama kiganja cha mtoto anayejifunza kutembea, na nyuma yake mistari myembamba iliyopinda kama ya ufagio uliokokotwa. Hiyo ilikuwa miiba ya nungunungu ikiburutwa, na sikuhitaji ushahidi mwingine.

Mahindi yamevunjwa na matunda yameumwa mara moja tu, mchana

Huyu ni kima, au ni tumbili, na inafaa kuwatofautisha ingawa wengi wetu tunawaita wote kwa jina moja. Kima ana mwili mzito wa kijivu kilichokolea na manyoya meupe shingoni kama kola. Ndiye anayeonekana sana City Park na Karura, na hupenda kutembea juu kwa juu bila kugusa ardhi. Tumbili ni mwepesi zaidi, ana uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe, na haoni shida kuvuka uwanja mtupu kwa miguu. Tofauti hii ina maana katika kuzuia: kima unaweza kumkatia njia kwa kukata matawi, ila tumbili atatembea chini mpaka afike.

Dalili zao ni zile zile. Hindi likiwa bado na maziwa hung'olewa, hubanduliwa maganda, huumwa kidogo na kuachwa, kisha la pili, kisha la tatu. Utakuta parachichi bichi limetobolewa kwa meno ya mbele na kutupwa. Mara nyingine hutakuta mabaki yoyote, kwa sababu wanyama hawa wana mifuko ndani ya mashavu, nao hujaza chakula humo na kwenda kukitafuna mahali salama. Wakija kundi zima, bustani ndogo huharibika katika muda wa mtu kuingia ndani kupokea simu.

Sababu inayowaleta huwa ni moja kati ya tatu, au zote tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni daraja la matawi kutoka mti wa barabarani hadi ukutani na kutoka ukutani hadi kwenye paa. Ya pili ni matunda yanayoachwa yaivie mtini. Ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa kuwa haiko ndani ya ua wako, ni mtu anayewalisha.

Tuanze na daraja. Simama nje ya ukuta jioni, wakati wanaporudi kulala, uangalie njia yao hasa badala ya kukisia. Utashangaa jinsi kundi zima linavyotumia tawi lile lile kila siku. Kata tawi hilo na yanayofuata ili kuwe na nafasi ya mita 3 au zaidi kati ya mti na ukuta au paa. Kima huruka vizuri, na nafasi hiyo haitawazuia wote, lakini humlazimu kila mmoja ashuke chini au aruke mbele ya macho ya mbwa na watu, na akina mama wenye watoto kifuani hawapendi kuthubutu. Kumbuka kwamba mti ulio nje ya ukuta wako, kando ya barabara, si wako kuukata bila idhini ya kaunti.

Kuhusu matunda, parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo hakuna faida ya kulisubiri. Likishakomaa livune lote, ulilaze ndani. Mkungu wa ndizi ukatwe ukiwa umejaa lakini ungali kijani, uningʼinizwe stoo. Mapapai hukatwa yanapoanza mstari wa manjano. Mahindi ndiyo yenye shida, kwa maana hayana njia ya kuvunwa mapema yasipoteze ladha, na mimi binafsi niliacha kuyapanda kandokando ya ukuta. Sehemu ile ya ukutani sasa ina vitunguu, vitunguu saumu na pilipili, mazao ambayo kima huyapita, na sukuma wiki iko karibu na mlango wa jikoni ambapo mtu hakosekani.

Kwa nyanya, stroberi na mapasheni, kitu pekee nilichoona kikifaa mwaka hadi mwaka ni kizimba kamili: nguzo za chuma au mbao, wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, juu pamefunikwa na mlango una komeo la kuzungusha. Fundi wa jua kali hutengeneza fremu hizi kwa vipimo utakavyompa. Neti ya kivuli pekee haitoshi, kwani wataichana. Kizimba kisichofunikwa juu ni kazi bure.

Ua wa umeme unafaa ukieleweka. Umeme humpiga mnyama pale mwili wake unapogusa waya wenye umeme na wakati huo huo kugusa ardhi au kitu kilichounganishwa na ardhi. Kima anayeruka kutoka tawini na kutua juu ya waya peke yake hapigwi na chochote, na hii ndiyo sababu tunawaona wametulia juu ya nyaya tulizozilipia. Mwambie fundi apishanishe waya wenye umeme na waya uliounganishwa na ardhi, kwa nafasi finyu, ili mnyama asiweze kushika mmoja bila mwingine. Nyoka wa mpira, sanamu la mtu na redio hufanya kazi kwa siku chache. Hawa ni wanyama wanaojifunza, na kitu kisichosogea wala kudhuru hukizoea haraka.

Halafu kuna suala la anayewalisha. Katika mtaa wetu alikuwa mama mmoja mzee, jirani ninayemheshimu, ambaye kila asubuhi aliweka ndizi tatu kwenye ukingo wa baraza yake. Nilimwendea baada ya kima dume kumnyang'anya mjukuu wa jirani mwingine mkate mkononi. Nilimwambia, "Mama, najua unawaonea huruma, lakini wakishazoea mkono wako watatafuta chakula katika kila mkono, hata wa mtoto." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa nikiacha, si watakufa njaa?" Nikamweleza kwamba msitu uko nyuma yetu, na kwamba majani, maua, wadudu na matunda ya porini ndiyo chakula chao tangu asili. Alikubali shingo upande. Ilichukua takriban miezi miwili kabla ya kundi kuacha kupita kwake kila asubuhi, na katika wiki mbili za mwanzo walikuwa wakali zaidi, si kidogo. Mweleze jirani jambo hili mapema ili asidhani kwamba njia imeshindikana. Chama cha wakazi kikilisema kwa wote kwa pamoja, hakuna mtu anayejiona ameonyeshwa kidole.

Pipa limepinduliwa, mifuko imechanwa

Kama ni usiku, shuku kwanza mbwa na paka, kisha nguchiro, halafu fungo. Kama ni mchana, shuku kima na kunguru. Katika hali zote sababu ni mfuko wa taka uliowekwa langoni jioni ya kuamkia siku ya kukusanya taka. Utoe asubuhi gari linapokaribia, au ujenge kijumba kidogo cha tofali chenye mlango wa chuma. Pipa lenye mfuniko wa kusukuma halitoshi. Lifungwe kwa kamba ya mpira inayovuka juu, nalo lifungwe kwenye nguzo lisianguke. Mabaki ya ugali, nyama na mifupa yasiingie kwenye shimo la mboji lililo wazi. Maganda na majani hayana neno.

Ukikuta kandokando ya njia rundo la kinyesi kikubwa lenye mbegu na maganda ya jongoo, mahali pale pale kila mara, hicho ni choo cha fungo. Uharibifu wake ni mdogo, na mtu anaweza kuishi naye.

Nyasi zimefukuliwa

Angalia ukubwa wa shimo. Mashimo madogo mengi, kila moja likiwa na umbo la faneli na upana wa kikombe cha chai, yaliyotawanyika ovyo baada ya usiku wa mvua, ni ya nguchiro anayetafuta viluwiluwi vya mbawakawa na minyoo. Anakuambia kwamba chini ya nyasi zako kuna wadudu wanaokula mizizi. Ukimwachia usiku mbili tatu atakusaidia kuwapunguza. Ukiona vipande vya nyasi vinang'oka kama zulia, tibu wadudu hao, naye ataacha kuja kwa kukosa cha kula. Hakuna sababu ya kumfukuza kwa njia nyingine, isipokuwa kama una kuku.

Kipande kipana kilichopinduliwa, chenye udongo uliosukumwa mbele, na alama mbili za magoti zikiwa zimekandamiza nyasi, ni cha ngiri, na hilo hutokea zaidi Karen na Lang'ata kuliko Runda au Muthaiga. Ngiri hupiga magoti anapokula. Huingia kwa kupanua pengo chini ya ua, na ua wa miiba wa kayaba, hata uwe mnene namna gani juu, huwa wazi chini kwenye mashina, kwa hiyo ndipo pa kushughulikia: nyaya mbili za umeme, moja sentimita 25 kutoka ardhini na nyingine 50, zikifuata ua kwa upande wa nje. Kata nyasi zinazogusa waya kila wiki katika majira ya masika, la sivyo umeme wote utaishia ardhini.

Katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, unyevu wenyewe huvuta wanyama. Bustani inayomwagiliwa jioni huwa ndiyo sehemu pekee laini ya kuchimba mtaani. Mwagilia asubuhi, na udongo wa juu utakuwa umekauka usiku ukifika.

Kuku wamekufa au mayai yametoweka

Hapa ninaomba usome polepole, kwa kuwa hasira ya mtu aliyepoteza kuku ndiyo humpeleka dukani kununua sumu.

Kuku kadhaa waliouawa usiku mmoja, mmoja wao akiwa ameliwa kichwa na kifua na wengine wakiwa wazima, huelekeza kwa kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wenye pete ambaye huonekana kama paka aliyenyooshwa. Hupanda kuta, hutembea juu ya mabati na hupita kwenye tundu lolote ambalo kichwa chake kinapita. Mayai yaliyopasuliwa juu ya jiwe au dhidi ya ukuta ni ya nguchiro, ambaye hulirusha yai kati ya miguu yake ya nyuma ili lipasuke. Yai lililotoweka kabisa bila ganda linaweza kuwa limechukuliwa na panya mkubwa au nyoka. Banda lililobomolewa, mbao zimeng'olewa na wavu umeraruliwa, ni kazi ya mbwa au ya nyegere, mnyama mfupi mwenye nguvu na mgongo mweupe.

Mwaka uliopita nilipoteza kuku saba. Wavu ulikuwa imara, mlango ulikuwa na kufuli, na nilizunguka banda mara tatu nisione mahali. Hatimaye niliingia ndani, nikafunga mlango na kukaa kwenye kinyesi mkavu nikisubiri macho yazoee giza, na ndipo nilipoona mwanga: pale mawimbi ya mabati yanapokalia boriti ya juu palikuwa na safu ya matundu, kila moja likitosha kupitisha ngumi yangu. Kwenye mbao kando ya tundu moja kulikuwa na unywele mmoja wa kijivu. Kagua banda lako kwa njia hiyo, ukiwa ndani, mchana, mlango ukiwa umefungwa. Kila mahali panapoingiza mwanga kwa upana wa zaidi ya sentimita 2.5 pazibwe kwa wavu wa chuma uliochomelewa, ukipigiliwa kwa vipande vya mbao juu yake na si kwa misumari mitupu.

Kwa chini, chimba mfereji wa sentimita 30 kuzunguka banda, ushushe wavu humo na kuukunja kuelekea nje kama herufi L, kisha ufukie. Mchimbaji huanza kuchimba pale pale ukutani, anagonga wavu, wala hajui kurudi nyuma hatua moja na kuanza upya. Kuku waingie kabla ya jua kuzama, mayai yaokotwe mara mbili kwa siku, na chakula kilichobaki kirudishwe ndani ya debe lenye mfuniko, kwa kuwa pumba huvuta panya, nao panya ndio wanaomvuta kanu.

Mimea inanyauka au mizizi imeliwa

Vuta mmea. Ukitoka bila mizizi, na karibu hapo kuna kifusi cha udongo mbichi kisicho na tundu wazi, ni fuko. Ukikuta shimo limechimbwa kutoka juu, viazi vitamu au nduma zimefukuliwa na kuliwa nusu, na alama za meno mawili mapana zimekwaruza mhogo, ni nungunungu. Mwiba mmoja mweusi na mweupe uliodondoka humaliza ubishi.

Kwa fuko, taa, ua na mbwa havina maana. Mtegaji wa kienyeji, yule anayekuja na vijiti vya kupinda na kamba, ndiye mtaalamu, na mara nyingi hulipwa kwa kila fuko anayemwonyesha. Kwa vitanda vya mboga unavyovithamini, inua kitanda na utandaze wavu wa matundu madogo chini yake kabla ya kujaza udongo. Kazi hiyo ni nzito lakini hufanywa mara moja.

Kwa nungunungu, fuata njia yake, kwani hurudi kwa njia ile ile. Ziba pengo chini ya ua kwa mabati yaliyozikwa sentimita 45 na kuinuka juu kiasi hicho hicho. Visha mashina ya miti michanga wavu hadi kimo cha goti. Mbwa akirudi na miiba usoni, miiba hiyo isitolewe nyumbani kwa koleo; mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo, maana mwiba uliokatika ndani ya nyama huleta usaha.

Vishindo darini na mayowe usiku

Mayowe yanayoanza kama mlango mkavu unaofunguliwa na kupanda hadi kuwa kilio cha kutisha ni ya perere, aina ya pimbi anayeishi mitini. Sauti kama ya mtoto mchanga anayelia mtini ni ya komba. Wote wawili hawakutakii ubaya, na mgeni anayelala kwako aelezwe kabla ya kulala.

Ndani ya dari, mbio nyepesi na mikwaruzo ni panya. Hatua nzito zenye kituo ni kanu. Milio myembamba wakati wa magharibi ni popo. Kabla ya kuziba tundu, lijaze karatasi za gazeti zilizofinyangwa. Zikisukumwa nje, mnyama yumo. Zikikaa mahali pake kwa usiku tatu mfululizo, dari ni tupu na unaweza kuziba. Usizibe ukisikia vilio vya watoto. Mama atabomoa dari kuwarudia, au watafia humo na nyumba itanuka mwezi mzima. Subiri wakue watoke.

Kwa nini sumu isitumike

Sumu haimchagui mharibifu. Panya aliyekula sumu hutembea siku kadhaa kabla ya kufa, akiwa mzito na mwepesi wa kukamatwa, naye huliwa na bundi, mwewe, kanu au paka wako. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa bundi na kumfukuza akitua juu ya paa, ilhali jozi moja ya bundi hupunguza panya bila kumwomba mtu shilingi. Nyama iliyotiwa dawa ya wadudu na kuachwa nje imeua mbwa wengi na tai wengi katika nchi hii. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuua, kunasa au kumiliki mnyamapori bila idhini, na kumkamata kima ili ukamwachie msitu mwingine ni kosa vile vile. Hata kama lisingekuwa kosa, eneo ulilomwondoa hujazwa na mwingine, naye aliyehamishwa hukuta pori lenye wenyewe.

Jambo lisilosubiri

Mnyama yeyote akimuuma au kumkwaruza mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo akapewe ushauri kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana karibu kila mara huua. Nguchiro au kanu anayetembea mchana akiyumba, asiyeogopa watu, asiguswe hata kwa fimbo. Ingiza watoto na mbwa ndani. Mbwa wachanjwe kila mwaka.

Mbwa akitoweka usiku bila kelele, katika makazi yaliyo kando ya mbuga au msitu, na kukiwa na alama za mburuto au nyayo kubwa za mviringo zisizo na kucha, fikiria chui. Hapo usijaribu kizuizi chochote cha kwako. Wajulishe askari wa KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya) na majirani, wafungie mbwa waliobaki ndani tangu jua linapozama, na ufunike alama hizo kwa beseni lililogeuzwa ili mvua isizifute kabla hawajafika.